Mbegu za Chini ya Mti wa Baba

Chikichi alizochuma Lawer asubuhi ile zilikuwa nzuri kupita kiasi, na ubaya wake ulikuwa hapohapo. Baba yake, Mzee Padi, alikuwa amemtuma: "Nenda ukanda wa juu unichumie chache, ushuke na ukanda wa chini unichumie chache, nataka nizishike mkononi nikiwagawia mashamba." Ukanda wa juu ulikuwa wa Lawer mwenyewe, na huko hakuwa na kazi ya kuchagua, maana kila mchikichi ulizaa kama mwenzake. Ukanda wa chini, unaoteremka mpaka kijitoni, ulikuwa mikononi mwa dada yake, Maku. Huko alizunguka mpaka jua likamchoma utosini, akiupita mti huu na kuuacha ule, akipasua chikichi kwa panga na kuzitupa majanini, hadi akapata mkungu wenye ganda jembamba kama ile ya kwake. Huo ndio alioubeba. Alijiambia anafanya hivyo ili mzee asiage dunia na kinyongo. Uongo mtupu, na alijua.

Sasa walikuwa wamekusanyika chumbani kwa mzee, mchana kweupe, dirisha wazi, vumbi la upepo wa harmatani limetanda juu ya kila kitu. Mzee Padi alilala ubavu, macho yake yakiwa yamezimika kwa mtoto wa jicho miaka mingi. Maku alikaa kitandani, ameipakata miguu ya baba yake kwa kuwa ilikuwa imeanza kupoa. Tekper, kitinda mimba, dereva wa malori huko Ashaiman, aliegemea mlango. Korkor, mke wa Lawer, alikaa mkekani. Mbele yao alikuwa Baba Mdogo Nartey, mdogo wake mzee, shahidi wa siku hiyo, na chupa ya gongo na glasi moja ndogo. Kwao Wakrobo, anayepewa shamba na mtu anayeaga dunia hunywa mbele ya shahidi, na akishameza, neno limefungwa.

"Sogeeni," mzee akasema. "Sogeeni wanangu mnisikie sasa, wakati pumzi bado ni yangu, maana ikishaondoka kila mmoja atanisemea lake. Nartey, upo?"

"Nipo, kaka. Sema."

"Naanza na kamba. Babu yenu alipimiwa ardhi hii kwa kamba, kutoka kijitoni mpaka mlimani, nyembamba na ndefu kama walivyopimiwa wenzake wote walionunua pamoja, na desturi yetu ni kuipasua kwa urefu, kila mtoto wa kiume apate mto wake na mlima wake. Mimi sikuipasua kwa urefu. Niliona tukiendelea hivyo, itafika siku mjukuu wangu akilala shambani kwake miguu inakuwa kwa jirani. Nikaikata katikati, ukanda wa juu na ukanda wa chini, na watu walinisema, na Ologo wa ng'ambo ya mpaka hakunisalimia misimu miwili kwa sababu hiyo, na mimi nikajibu kwa kumsogezea jiwe la mpaka. Lawer, jiwe lile ulirudishe. Ulirudishe Ologo akikuona, usiende kwa kunyata, na umwambie kwamba Padi alikuwa na hasira za bure. Tekper, uko wapi?"

"Niko hapa mlangoni, mzee wangu."

"Wewe shamba hulitaki, na shamba halikutaki. Nakupa vyumba viwili vinavyotazama barabara, ufungue duka au ulaze makandambili yako, shauri yako. Ila usije ukauza nyumba nilimozaliwa kwa mtu wa Accra."

Tekper akacheka kidogo, akajifuta pua kwa mkono, akasema amesikia. Baba Mdogo Nartey akammiminia, akanywa. Lawer alicheka na wenzake, lakini kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka kwapani, kwa kuwa alijua kinachofuata ni miti.

"Sasa miti," mzee akasema, na akatulia kidogo kuivuta pumzi. "Mnajua kabla hamjazaliwa nilikuwa mkwezi kwenye kituo cha mbegu. Kazi yetu ilikuwa kuozesha miti. Napanda juu na mfuko wa kitambaa, nalifunika ua jike lisiguswe na mdudu wala upepo, na siku zake zikifika narudi na kichupa cha unga wa ua dume, naupuliza mle ndani kwa kimpira, nafunga tena. Miti mama yote ilikuwa ya ganda nene, kokwa lake ukilirusha unavunja kioo. Na ule unga, sikilizeni vizuri, ulitoka kwenye miti isiyozaa kabisa, yenye majani tele, minene kuliko yote shambani, ambayo mikungu yake hudondoka ingali michanga. Nikamuuliza bwana mkubwa wa kituo, mzee, mbona mnawaozesha akina mama wagumu hawa kwa mume asiyejua hata kuzaa? Akacheka, akasema, Padi, ngoja uwaone watoto. Na watoto nikawaona. Wote, pasipo kukosa mmoja, ganda jembamba, nyama nene, mafuta yanachuruzika mpaka kiwikoni. Ndio niliowaleta hapa nikapanda, na kati yao ni ule mti wangu mkubwa ambao kijiji kizima kilikuja kuushangaa. Na bwana yule alinionya, nami nikawaonya ninyi tangu mnatambaa: usiokote mbegu chini ya mti wa namna hiyo ukaipanda. Uzuri wake ni wa wawili waliokutana. Ukipanda watoto wake, wale wawili wanaachana tena, mmoja anamfuata bibi mgumu, mwingine anamfuata babu asiyezaa, na wewe unabaki unalima kichaka."

Lawer alitazama sakafu. Aliona tena lori la kukodi likirudi kutoka kituoni nusu tupu, msimu ule ambao kituo kilipungukiwa na miche. Ilikuwa miche ya ukanda mmoja tu, na baba yake, macho yakiwa yameshazimika, alikuwa amemwagiza apande kanda zote mbili. Angeweza kumwambia, na mzee angesema tusubiri mwaka ujao, basi. Lakini nyuma ya jiko Lawer alikuwa na miche yake, aliyoiotesha kimyakimya kwa chikichi zilizodondoka chini ya mti mkubwa wa baba. Ilikuwa miche mizuri, imenyooka, ukiichanganya na ya kituo hutambui. Onyo la baba alikuwa akilijua kama jina lake, na hakuwahi kuliamini. Aliona ni maneno ya wauzaji: nani anayeuza kitu akakwambia unaweza kujitengenezea nyumbani? Mti ni mzuri, mbegu ni nzuri, mche ni mzuri, kuna nini tena? Hata hivyo, siku ya kupanda, miche ya kituo ilibaki juu, kwake, na ya nyuma ya jiko ikateremka chini, kwa Maku. Kama kweli aliamini ni sawasawa, mbona hakupanda kinyume chake? Swali hilo lilikuwa likimtafuna tangu miti ilipoanza kuzaa.

"Maku," mzee akaita.

"Abee, baba."

"Ukanda wa chini nilikupa ushike. Nilikupa kwa mdomo tu, hukunywa. Wapo waliosema binti hapewi ardhi kwetu, nikawaambia huyu ndiye aliyeniongoza mkono macho yalipozima, na ndiye anayekamua mawese ya nyumba hii, atakamuaje bila miti yake? Nikatetea. Nikagombana na watu kwa ajili yako. Na miti ikaanza kuzaa, kaka yako akawa anajaza mapipa na wewe unaleta ndoo. Nikauliza, kulikoni? Ukaniambia, baba, miti yangu mingine ina ganda nene na mingine haizai kabisa. Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakuonea aibu, mwanangu. Mimi nimepuliza unga kwa mikono hii. Mche wa kituo hauzai ganda nene, hauwezi, haipo. Nikajua huyu mtoto ameiachia miti magugu, akiona mikungu haitoshi anaokota chikichi za michikichi ya porini anachanganya, halafu anakuja kunisingizia mbegu."

"Baba, sijawahi kuokota ya porini," Maku akasema taratibu.

"Nyamaza kwanza, bado nasema. Lawer, zile chikichi."

Lawer akampa za ukanda wa juu. Mzee akazimenya kwa ukucha, akaliweka kokwa moja kati ya meno ya upande, meno yaliyokuwa yamebaki, akaliuma. Likapasuka kwa urahisi. Akatema ganda kiganjani, akalipapasa kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasema apewe za ukanda wa chini. Lawer akazitoa. Mzee akauma tena, na kokwa likapasuka vilevile.

"Mmesikia wenyewe," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya huzuni. "Jembamba. Mti ni mzuri. Ardhi ni nzuri. Kilichobaki ni mkono. Maku, nakupenda kuliko unavyojua, lakini huna mkono wa shamba, na siwezi kufa nimeacha miti ile ife mikononi mwako. Kibanda cha kukamulia ni chako, pamoja na sufuria zake zote na mawe yake. Ukanda wa chini nampa Lawer. Nartey, mmiminie."

Baba Mdogo Nartey akaijaza glasi, akamnyooshea. Korkor akashusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu mazungumzo yaanze. Hakuwa mtu mbaya Korkor, alikuwa na watoto wa kulisha tu. Lawer akaishika glasi.

Maku hakulia. Aliendelea kuikanda miguu ya baba yake, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kubishana na nafsi yake, "Kunywa, kaka. Baba ameshasema. Na labda ni kweli. Nimeweka samadi, nimeweka majivu, nimeleta mpaka mtu wa kuombea ardhi. Sokoni Asesewa wananiita Mama Ndoo. Labda ni mkono wangu kweli."

Kama angemtukana, Lawer angekunywa. Kama angepiga kelele, kama angelaani, angepata kitu cha kumkasirikia, na gongo ingepita. Lakini dada yake alikuwa akiungama kosa ambalo si lake. Akaiweka glasi sakafuni.

"Sinywi," akasema.

"Mume wangu," Korkor akanong'ona, "kunywa tu, jamani."

"Sinywi. Baba, Maku hajakudanganya hata siku moja. Mdanganyifu ni mimi. Miti ya chini si ya kituo. Miche haikutosha mwaka ule, nikaona aibu kurudi kukuambia, na nilikuwa nimeotesha mingine nyuma ya jiko, kwa mbegu nilizookota chini ya mti wako mkubwa. Nikapanda kwa Maku. Na leo nimezunguka shamba zima natafuta mkungu mmoja mzuri wa kukuletea ili usijue."

Tekper alitoka mlangoni, akaja mpaka katikati ya chumba, akamtazama kaka yake kama vile hamfahamu.

"Kwa hiyo ulijua?" akauliza. "Miaka yote tunamtania Mama Ndoo, na wewe unacheka nasi, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na mimi nilikuuliza," Maku akasema. Mikono yake ilikuwa imesimama. "Nilikuja kwako, Lawer, nikakuonyesha kokwa, nikakuuliza hivi ni nini. Ukaniambia ardhi ya chini ina maji mengi."

"Nilikuambia hivyo."

Baba Mdogo Nartey akainama kumtazama Mzee Padi kama bado yupo. Kisha midomo ikacheza.

"Isiyozaa ni kiasi gani?"

"Kama robo, baba," Maku akasema.

"Ganda nene?"

"Robo nyingine. Nusu iliyobaki ndiyo kama hiyo uliyouma."

"Ndio wenyewe," mzee akasema. "Wameachana, kama alivyosema yule bwana." Akajaribu kucheka, kikaja kikohozi, na Maku akamwinua kichwa mpaka kikapita. Aliporudi kusema, sauti ilikuwa imeshuka, ikabidi wote wasogee. "Maku, mwanangu, nipe mkono wako. Huu mkono ndio niliousema vibaya. Ulinieleza ulichokiona kwa macho yako, na mimi nisiye na macho nikakukatalia, kwa kuwa nilipuliza unga ujanani. Nilidhani nikijua miti nimewajua na watoto wangu. Nimekukosea. Nimekukosea na sina siku za kukulipa, mwanangu, naona aibu hata kukuomba radhi."

"Usiombe, baba. Pumzika."

"Sipumziki, bado. Nartey, mwage gongo hiyo. Mimina mpya." Akasubiri asikie kweli inamwagwa. "Ukanda wa juu, wenye miti ya kituo, nampa Maku. Ukanda wa chini nampa Lawer, aliyeupanda."

"Na watoto wetu, baba?" Korkor akasema, na machozi yakamtoka papo hapo. "Watoto wetu wamefanya nini?"

"Watoto wako ni wajukuu zangu, Korkor. Watakula kwa baba yao, na kwa baba yao kukipungua watakula kwa shangazi yao. Maku hatawafungia mlango, namjua sasa. Lawer, umekubali?"

Lawer alimtazama mke wake, aliyekuwa amejifunika uso kwa kanga, na akaona ni kiasi gani alichokuwa amekiuza bila kumwuliza. "Nimekubali," akasema. Akanywa. Gongo ilimuunguza mpaka tumboni. Maku akanywa baada yake, akiwa amefumba macho.

"Sasa shikeni haya, maana sauti inanikimbia," mzee akasema, na maneno yalianza kuja moja moja, na pengo katikati. "Lawer, ile isiyozaa usiikate. Utataka kuikata kwa hasira, usiikate. Ifunge kitambaa kila mmoja uitambue. Ikitoa ua dume, chukua unga wake. Ile ya ganda nene, ifunike maua majike kabla hayajafunguka, uyapulizie unga huo, ufunge tena. Hizo mbegu ndizo za kupanda. Watoto watatoka wote wa ganda jembamba. Ni kazi ya kupanda juu na kushuka, miaka. Ni halali yako. Na miche ya kwanza mpe dada yako, akatae mwenyewe kama anataka kukataa. Maku, ukimuona yuko juu ya mti, usimcheke."

"Simcheki, baba."

"Mimi msiniweke kwenye barafu miezi na miezi mkisubiri watu waje kutoka Accra na nguo mpya. Nizikeni wiki hiyohiyo. Tekper, usije na zile spika zako. Shanga zangu za manjano nivalisheni mkono wa kulia. Na yule mbwa anayelala mlangoni," akatafuta pumzi, "yule mbwa msimfukuze." Akanyoosha kiganja. "Njooni niwabariki. Haraka kidogo."

Maku alikuwa karibu, akainamisha kichwa. Mzee akaweka kiganja juu yake, akasema ardhi imkubali, mafuta yasikauke chunguni mwake, na mdomo wake uaminiwe popote atakaposema. Tekper akapiga magoti. Mzee akampapasa mpaka masikioni, akasema barabara imrudishe nyumbani kila mara, na zaidi ya hapo hakuweza, akapumua tu juu ya kichwa cha mwanawe, na mkono ukateleza ukaanguka juu ya shuka.

Lawer alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya Tekper, akingoja zamu yake. Mdogo wake alipoondoka, akasogea mpaka kitandani, akainama, akangoja. Akasikia baba yake akianza, "La..." na kisha pumzi moja ndefu inayotoka taratibu. Akangoja inayofuata. Akakaza masikio, na alichosikia ni Korkor akilia kwa chini mkekani na jogoo wa jirani. Baba Mdogo Nartey akamwita kaka yake kwa jina la utotoni, mara ya kwanza na mara ya pili, kisha akavua kofia.

Lawer hakuinua kichwa. Hakujua atakiinuaje. Angekaa hivyo mpaka jua lizame, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, ameinamia shuka, anasubiri kitu kilichokuwa kimeshapita.

Maku akamtazama kwa muda. Uso wake haukuwa na huruma, na hakujaribu kuuwekea. Alikuwa amechoka, alikuwa na hasira, na baba yake alikuwa amefariki mikononi mwake. Kisha akaushika ule mkono uliokuwa juu ya shuka, akaunyanyua kwa mikono yake miwili, akauweka juu ya kichwa cha kaka yake. Ulikuwa hauwezi tena kukaa wenyewe, kwa hiyo akaushikilia pale. Lawer akausikia uzito wake, na joto lililokuwa bado halijatoka, na vidole vya dada yake juu ya vidole vya baba. Hakujua baraka ile ni ya nani kati ya wawili hao, na hakuthubutu kuuliza.